Nani kachezea timu zote mbili? Jibu kwa msomaji anayeliwa dola zake kazini

"Habari za kazi mkuu. Mimi niko Texas, nafanya shifti ya usiku kwenye ghala, wenzangu karibu wote ni watu wa mpira wa hapa, huu wa helmeti na mabega. Wakati wa mapumziko wana mchezo wao, mmoja anataja timu mbili na wewe unataja mchezaji aliyechezea zote mbili, ukishindwa unatoa dola 5. Walitaja Colts na Broncos nikasema John Elway maana nilisoma Colts ndio walimchagua, wakacheka mpaka basi. Rams na Packers nikasema Kurt Warner, wakanila tena. Naomba kujua, nafanyaje bila kukariri majina ya miaka hamsini? Na hivi Packers na Jets wana mkataba wa siri? Maana Favre katoka kule kaenda kule, Rodgers naye hivyo hivyo, naona kama Jets ni timu B yao. Halafu kuna mtu yeyote wa kwetu Afrika Mashariki ninayeweza kumtaja nikawashangaza? Mwezi huu nimeshaliwa dola 85 na mke wangu hajui."

Mkuu salama, pole na hizo 85, tutazirudia mwishoni maana hapo ndipo nimeshtuka kidogo. Nikikusoma vizuri una hofu kwamba wenzako wamezaliwa na haya majina kichwani na wewe umeshachelewa, halafu unahisi kuna kitu kinafanyika chini ya meza ambacho hujaambiwa. Niseme mapema tu, mkataba wa siri hakuna, na wenzako hawajakariri kama unavyodhani. Wanachojua ni njia. Wachezaji wa NFL, yaani ligi kuu ya huo mpira, hawahami ovyo ovyo, kuna njia chache ambazo watu wanapita kila mwaka, ukizijua hizo jina linakuja lenyewe.

Tuanze na pale ulipochekwa. Mwaka 1983 Colts, wakati huo bado wako Baltimore, walikuwa na chaguo la kwanza kabisa kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu, wakamchukua Elway. Jamaa akagoma. Akasema bora akacheze besiboli, na hakuwa anatania kwa sababu Yankees walishamchagua tangu 1981. Colts wakaona watabaki mikono mitupu, siku chache baadaye wakampeleka Denver na wao wakapewa Chris Hinton, Mark Herrmann na chaguo la raundi ya kwanza la 1984. Kwa hiyo Elway hakuvaa jezi ya Colts kwenye mechi hata moja, misimu yake yote 16 ni Broncos tupu.

Sasa utamu uko hapa. Jibu la dola 5 lilikuwa ndani ya biashara hiyo hiyo. Herrmann alikuwa kwotabeki wa akiba wa Broncos, yaani yule anayepokea mpira na kuurusha, 1982 aliingia uwanjani mara chache, halafu baada ya ile biashara akaichezea Colts. Huyo anahesabika kabisa. Hinton je? Hapana, maana Broncos walimchagua kwenye drafti ile ile ya 1983 na wakamtoa kabla hajawachezea, ni Elway aliyegeuzwa upande wa pili. Ungemtaja Herrmann pale ghalani wangenyamaza wote wakatoa simu kuhakikisha.

Na kama ulitaka jina kubwa basi ni Peyton Manning. Colts walimchagua wa kwanza 1998, akawapa kila kitu, 2011 akakosa msimu mzima kwa ajili ya upasuaji wa shingo, Machi 2012 wakamwachia kwa sababu walikuwa na chaguo la kwanza na kijana Andrew Luck alikuwa anasubiri. Akaenda Denver, akamaliza kwa kubeba Super Bowl 50, yaani fainali ya ligi nzima, mwezi Februari 2016 dhidi ya Panthers, 24 kwa 10. Bosi wa masuala ya mpira aliyemsajili pale Denver ni Elway huyo huyo aliyewakataa Colts miaka 29 nyuma. Na msimu huo huo wa 2012 Broncos wakawaleta Jacob Tamme na Brandon Stokley, wote walishadaka mipira ya Manning kule Indianapolis, Stokley hata alikuwa ameshapita Denver siku za nyuma. Umeona? Kwotabeki mkubwa akihama, angalia nyuma yake nani kamfuata, hiyo ni njia tayari, na nitakuonyesha imejirudia wapi.

Warner naye ni kosa la aina ile ile. Ni kweli alikuwa Green Bay 1994, lakini ilikuwa kambi ya mazoezi tu, wakamkata kabla ya msimu, ndio akaenda kupanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi huko Iowa kabla ya maisha kugeuka. Timu zake za mechi ni Rams, Giants na Cardinals, basi. Kwa Rams na Packers ungesema Clay Matthews, misimu kumi Green Bay kuanzia 2009 halafu 2019 akavaa ya Rams. Kwa hiyo sheria ya kwanza, na mkubaliane nayo kabla hela haijatoka mfukoni, ni kwamba kuchaguliwa kwenye drafti sio kucheza, kambi sio kucheza, kikosi cha mazoezi sio kucheza. Inahesabika mechi. Ndio maana Eli Manning na Chargers ni mtego, walimchagua 2004 akahamishiwa Giants siku ile ile, na Bo Jackson na Buccaneers ni mtego, walimchagua 1986 akawakatalia kabisa, mwaka uliofuata akachukuliwa na Raiders.

Haya, Packers na Jets. Nadhani unaangalia kwa macho ya soka, huko klabu inalipwa ada na mchezaji anakubali au anakataa. NFL haiko hivyo, ada ya uhamisho hakuna. Timu ikitaka mtu mwenye mkataba inatoa mchezaji mwingine au inatoa machaguo ya drafti, na mchezaji mwenyewe mara nyingi hana kura, ni wachache wenye kipengele cha kukataa. Au mkataba unaisha anakuwa mchezaji huru anaenda anakotaka. Hiyo ya pili kwa sura tunayoijua leo imeanza 1993, ndio mwaka Reggie White alitoka Eagles akaenda Packers watu wakashangaa nani anaacha Philadelphia akaishi kwenye baridi ile.

Halafu kuna hili la AFC na NFC ambalo ndio ufunguo wa swali lako. Timu ni 32, nusu AFC nusu NFC, kila upande una divisheni nne za timu nne nne. Timu ya divisheni yako unakutana nayo mara mbili kila msimu. Timu ya upande wa pili kwa ratiba ya kawaida unakutana nayo mara moja kila miaka minne, tangu 2021 kuna mechi ya 17 inayoweza kuongeza kidogo, la sivyo mkutane Super Bowl. Sasa jiweke kwenye kiti cha bosi wa Packers. Una mfalme amezeeka, mashabiki wanampenda, na una kijana umemwandaa miaka mitatu. Mfalme hataki kustaafu. Utampeleka wapi? Mbali! Upande wa pili, asije akakuaibisha nyumbani kwako.

Ndivyo ilivyokuwa. Brett Favre alianzia Falcons 1991, Packers wakampata 1992 kwa kutoa chaguo la raundi ya kwanza, akawa MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na ule wa 1997 aligawana na Barry Sanders. Machi 2008 akatangaza kustaafu huku analia, kiangazi akabadilisha mawazo, na kila mtu alijua roho yake iko Minnesota kwa Vikings, majirani na mahasimu wa divisheni moja. Packers wakasema hapana, Agosti 2008 wakampeleka Jets ambao wako AFC, na wakaweka kipengele kwamba Jets wakithubutu kumpitisha kwenda Vikings watalipa machaguo matatu ya raundi ya kwanza. Hiyo ni adhabu nzito mno. Favre akiwa na miaka 38 akaanza vizuri, Jets wakawa wameshinda 8 na kufungwa 3, halafu msuli wa mkono ukamsumbua wakamaliza ushindi 9 na vipigo 7, nje ya mtoano. Akastaafu tena, Jets wakamwachia kabisa mwaka 2009, na akiwa huru kile kipengele hakikuwa na nguvu tena, Agosti hiyo akasaini Vikings. Msimu ule akakutana na Packers mara mbili akawafunga zote, 30 kwa 23 kwake na 38 kwa 26 pale pale Green Bay huku wanamzomea. Kwa hiyo woga wa Packers haukuwa wa bure hata kidogo.

Aaron Rodgers ndiye yule kijana aliyeandaliwa, drafti ya 2005 nafasi ya 24, akakaa benchi misimu mitatu nyuma ya Favre. Akaja kuwa MVP mara nne na kubeba Super Bowl ya Februari 2011 dhidi ya Steelers. Mwaka 2020 Packers wakamfanyia yeye kile kile walichomfanyia Favre, wakamchagua Jordan Love nafasi ya 26, na kufika Aprili 2023 Rodgers ana miaka 39 anapelekwa Jets. Ile ile. Ila sio mkataba, ni hesabu ile ile imepigwa mara mbili, mpeleke mzee upande wa pili, na huko upande wa pili tafuta aliyekata tamaa. Jets hawajarudi Super Bowl tangu walipoibeba na Joe Namath Januari 1969, kwotabeki ndio ugonjwa wao, ukienda kuwauzia jina kubwa hawabishani sana bei. Rodgers hata jezi namba 12 aliyoivaa Green Bay hakuichukua, ile ya Namath imestaafishwa, Namath mwenyewe akasema mpeni tu, Rodgers akakataa akavaa 8.

Na angalia bei ilivyoandikwa maana hapa ndipo unaona akili ya hawa watu. Packers walipata pamoja na vingine chaguo la raundi ya pili la 2024 ambalo lingepanda kuwa la raundi ya kwanza kama Rodgers angecheza asilimia 65 ya michezo ya msimu, yaani ile michezo mifupi mifupi, kila mpira unapoanzishwa. Tarehe 11 Septemba 2023, mechi ya kwanza na Bills, mchezo wake wa nne tu, kano ya kisigino ikakatika. Msimu umeisha. Chaguo likabaki la raundi ya pili. Packers nao hawakutoka bure, mwaka huo walibeba kama dola milioni 40 za Rodgers kwenye hesabu zao wakati hachezi kwao, kwa sababu ya kitu nitakachokueleza sasa hivi.

Kila timu ina kikomo kimoja cha mishahara, hakuna tajiri wa kukizidi. Kilianza 1994 dola milioni 34.6, mwaka 2025 kilifika milioni 279.2. Ukimpa mchezaji bonasi ya kusaini, tuseme milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano, hela anaweza kuipata mapema lakini kwenye vitabu inagawanywa milioni 10 kila mwaka. Ukimhamisha baada ya miaka miwili zile 30 zilizobaki zinakurukia zote kwenye hesabu zako. Ndio maana wakati mwingine unaona timu inamng'ang'ania mtu amechoka kabisa, na mwaka ambao hesabu inaruhusu wanamwachia ghafla kama hawajuani, mashabiki wanalia lakini mhasibu anapumua.

Turudi kwenye njia ya kumfuata mkubwa, maana Packers na Jets ina majina mengi zaidi ya yale mawili unayoyajua. Rodgers alipokwenda New York walimfuata au walimtangulia kwa wiki chache Allen Lazard na Randall Cobb, wote wadakaji wake wa Green Bay, na Oktoba 2024 akaja Davante Adams kupitia Raiders. Tim Boyle aliyekuwa kwotabeki wake wa akiba naye yupo. Na mratibu wa mashambulizi wa Jets alikuwa Nathaniel Hackett, aliyekuwa na kazi hiyo hiyo Green Bay 2019 mpaka 2021. Kocha akihama anavuta watu wanaojua lugha yake, kitabu chake cha michezo ni kama kamusi, kumfundisha mtu mpya kunachukua miezi.

Shika hilo jina la Hackett, maana baba yake Paul Hackett yumo kwenye stori ninayoipenda kuliko zote, 49ers na Chiefs. Hii wenzako lazima wataitaja, hizi mbili zimekutana Super Bowl mara mbili karibuni, Februari 2020 na Februari 2024, Chiefs wameshinda zote. Makwotabeki waliochezea zote mbili ni wengi mpaka inachekesha. Joe Montana unamjua, bega kwa bega na watakatifu pale San Francisco, Super Bowl nne. Kiwiko kikamuua, 1991 hakucheza kabisa na 1992 kidogo sana, Steve Young akachukua nafasi akawa MVP. Aprili 1993 wakampeleka Kansas City, AFC, upande wa pili, umeona tena! Na pale Kansas City mratibu wa mashambulizi ndio kwanza kaanza kazi, Paul Hackett, ambaye 1983 mpaka 1985 alikuwa kocha wa makwotabeki wa 49ers chini ya Bill Walsh. Montana alikuta kamusi ile ile aliyoizoea. Chiefs wakafika fainali ya AFC msimu huo wakafungwa na Bills. Na kile ambacho 49ers walikikwepa kwa kumpeleka mbali bado kiliwakuta, ratiba ikawapanga Septemba 1994 na Montana akamfunga Young 24 kwa 17.

Baada ya Montana akaja Steve Bono kutoka 49ers, 1994. Baada ya Bono akaja Elvis Grbac kutoka 49ers, 1997. Kabla ya wote alikuwepo Steve DeBerg, Chiefs 1988 mpaka 1991, na huyu nisimpite hivi hivi. DeBerg alikuwa namba moja 49ers, 1979 wakamchagua Montana, kazi ikaisha. Akaenda Denver, 1983 akaja Elway, kazi ikaisha. Akaenda Tampa Bay, 1985 akaja Steve Young. Watatu wote hao leo wako Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa huu mpira, na DeBerg kila mara yeye ndiye aliyepoteza nafasi uwanjani, ukitaka mtu wa kumuonea huruma kwenye historia ya huu mpira anza na huyo. Kisha 2013 akaja Alex Smith, chaguo la kwanza la 2005, drafti ile ile ambayo 49ers walimwacha Rodgers akashuka mpaka 24. Smith aliumia kichwa Novemba 2012, Colin Kaepernick akashika nafasi hakuiachia tena, na Chiefs ndio kwanza wamemchukua kocha Andy Reid. Reid alikulia kwa Mike Holmgren kule Green Bay, na Holmgren alitoka kwenye benchi la 49ers. Kamusi ile ile imezunguka nchi nzima imerudi Kansas City. Wa sita ni Blaine Gabbert, 49ers 2014 mpaka 2016, Chiefs 2023 kama akiba ya Patrick Mahomes. DeBerg, Montana, Bono, Grbac, Smith, Gabbert, hata ukimsahau mmoja una watano.

Mabosi wa usajili nao wanavuta vivyo hivyo. Scott Pioli alipotoka Patriots 2009 kwenda kuiongoza Chiefs, haraka akawabeba Matt Cassel na Mike Vrabel kwa chaguo moja la raundi ya pili. Na Tampa Bay 2020 ni mfano ambao hata mgeni anaujua, Tom Brady kaenda kama mchezaji huru, Rob Gronkowski aliyekuwa ameshastaafu akafufuka, ila kwa sababu Patriots bado walikuwa na haki zake ikabidi zibadilishwe kwa chaguo la raundi ya nne. Februari 2021 wakawafunga Chiefs 31 kwa 9, Gronkowski tachidauni mbili, yaani mara mbili aliufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani. Ila wenzako wakikwambia Patriots na Buccaneers usimalizie hao wawili, watakuwa wameshatajwa. Sema LeGarrette Blount, sema Aqib Talib, sema Darrelle Revis, hao walipita Tampa kwanza ndio wakaenda New England.

Kuna njia ya mahasimu pia, na hii mtu wa kwetu anaielewa bila kuelezwa, ni kama Chama kutoka Simba kwenda Yanga 2024, watu hawalali. Miaka ya tisini mwanzoni 49ers na Cowboys walikutana fainali ya NFC misimu mitatu mfululizo, 1992, 1993 na 1994, na wakati huo huo walikuwa wanachukuliana watu. Charles Haley alibeba Super Bowl mbili na 49ers, 1992 akahamishiwa Dallas akabeba tatu. Ken Norton Junior alibeba mbili na Dallas, kikomo cha mishahara kilipoingia 1994 Dallas wakashindwa kumbakiza, akavuka kwenda 49ers akabeba ya tatu mfululizo. Deion Sanders akabeba na 49ers msimu wa 1994, msimu uliofuata akabeba na Cowboys. Wewe uko Texas, Cowboys watatajwa kila usiku, hawa watatu waweke mfukoni.

Sasa kama unataka kitu cha haraka kwa wiki hii, kuna wasafiri. Timu 32 zinatoa jozi 496. Ryan Fitzpatrick peke yake kachezea tisa: Rams, Bengals, Bills, Titans, Texans, Jets, Buccaneers, Dolphins na Washington, hizo ni jozi 36. Vinny Testaverde kachezea saba: Buccaneers, Browns, Ravens, Jets, Cowboys, Patriots na Panthers, jozi 21, na wanagongana na Fitzpatrick kwenye moja tu, Jets na Buccaneers. Ongeza Adrian Peterson, Vikings, Saints, Cardinals, Washington, Lions, Titans na Seahawks, nyingine 21 ambazo moja tu, Titans na Washington, Fitzpatrick anayo. Watu watatu, jozi 76. Kiukweli ni dawa ya muda, wenzako wakishamsikia Fitzpatrick mara tatu watapiga marufuku, na mimi ningewaunga mkono. Njia nilizokueleza zinachukua muda zaidi kuingia kichwani lakini haziishi.

Angalizo dogo kuhusu miji. Timu ikihama, historia kwa kawaida inahama nayo, Colts wa Baltimore na wa Indianapolis ni timu moja, Oilers wa Houston ndio Titans wa leo, kwa hiyo Warren Moon ni Titans na sio Texans, Texans wameanza 2002. Browns ndio wamevuruga, 1996 wachezaji walihamia Baltimore wakawa Ravens lakini jina na historia vikabaki Cleveland mpaka timu iliporudi 1999. Kwa hiyo Testaverde na Earnest Byner wamechezea Browns na Ravens, timu mbili, ingawa walihama na makabati yao.

Mtu wa kwetu umeuliza. Yupo Daniel Adongo wa Nairobi, alitoka raga moja kwa moja akasaini Colts 2013 bila kuwahi kucheza huu mpira, akapata mechi chache. Yupo Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada, chaguo la 8 la drafti ya 1996, Panthers. Shida ni kwamba kila mmoja ana timu moja tu kwenye mechi, kwa mchezo wenu hawakusaidii, ila kwa kupiga stori watakaa kimya wakusikilize.

Na hizo 85. Ukiniuliza mimi, mwambie mke wako leo, ni kiasi ambacho bado kinaongeleka, kikifika mia nne hakiongeleki. Kazini waombe mcheze kwa soda kwa muda, wakiwa marafiki kweli watakubali. Lakini kama ukijaribu kuacha hela unashindwa, au umeanza kukopa, au unacheza ili urudishe zile zilizokwenda, hapo sio suala la kujua wachezaji tena na mimi wa kwenye maandishi sikufai, tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Waajiri wengi wakubwa huko wana huduma ya ushauri ya bure na siri kwa wafanyakazi, uliza ofisi ya rasilimali watu, na ipo simu ya bure ya taifa kwa watu wenye tatizo la kamari. Mpira wenyewe nao usijifunze kwenye simu peke yako. Uko Texas, Ijumaa usiku kuanzia mwisho wa Agosti kila mji una mechi ya shule ya sekondari, mwambie mmoja wa hao wanaokucheka akupeleke, mkae naye jukwaani akuonyeshe nani anafanya nini.